Chokaa Kifuani

2 Aprili 1997

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya chumba cha giza, mlango wazi, kwa sababu mashine imelala tangu juzi na hakuna filamu ya kusafisha. Wagonjwa wamerudishwa nyumbani. Wewe pia umerudi nyumbani, nasikia, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Sisi hatujambo. Shemeji yako bado anapigana na paa la jikoni, akiziba hapa linavuja pale. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama filimbi. Tulipomwambia mjomba anaumwa moyo, aliuliza nani amemuudhi.

Wifi alipiga simu ofisini kwetu siku ya pili baada ya tukio. Alilia zaidi kuliko alivyosema. Nilishika kwamba ulianguka kazini, ukiwa juu kwenye kreni, kwamba ni moyo, na kwamba kuna mtu mwingine ameumia. Zaidi ya hapo simu ilikatika. Ningekuja, kaka, lakini likizo wamenikatalia. Barua hii nimeianza mara nne.

Niandikie mwenyewe, usimwachie wifi. Niambie maumivu yalianzaje na dawa gani wamekupa. Je, walikupiga picha ya kifua? Nani aliisoma? Waliiomba ile ya mwaka jana, niliyokupiga mimi kwa ajili ya kazi?

Msalimie wifi na watoto. Usibebe kitu chochote kizito, hata ndoo ya maji.

Dada yako anayekuwaza


21 Aprili 1997

Mama Picha,

Marahaba mdogo wangu. Barua yako imenikuta uani kwenye kiti cha plastiki, nimekaa kama mfalme aliyepinduliwa. Wifi yako amekuwa askari. Dawa tano asubuhi, tatu jioni, na chumvi ameificha. Jana niliitafuta jikoni kama mwizi, akanikuta nimeingiza kichwa kabatini. Alikaa chini akaanza kulia, nikafunga kabati.

Watoto hawajambo. Mkubwa amepata kazi ya kupima viwanja, anatembea na futi yake hata kanisani. Mpe hongera binti yako kwa hayo meno, na mwambie aliyemuudhi mjomba ni mjomba mwenyewe.

Umeniuliza ilikuwaje. Ngazi ya kreni yetu ina vidato arobaini na sita. Tangu mwaka jana nilikuwa nikifika cha ishirini napumzika, najifanya nakagua nati. Unamkumbuka Fundo, yule mfunga mizigo mrefu, mkimya, niliyekuja naye kwenye harusi yako? Tulimpa jina hilo kwa sababu mzigo akiufunga yeye haufunguki mpaka atake mwenyewe. Basi siku moja alikuwa chini ananitazama, nami nimesimama pale kwenye kidato changu. Nilipofika chini akaniuliza, "Bwana mkubwa, hii ngazi imeongezwa?"

"Imeongezwa," nikasema.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nenda ukamwone daktari."

Nikamjibu kwamba mimi sina haja ya daktari, dada yangu ni hospitali nzima.

Siku ya tukio tulikuwa tunapakia mabomba ya chuma kwenye lori. Saa nne asubuhi. Nilikuwa nimenyanyua mzigo wa tatu. Mara nikahisi kama mtu amenikandamiza goti kifuani. Si kuchoma, ni uzito. Ukapanda shingoni mpaka kwenye taya, ukashuka mkono wa kushoto. Jasho lilinitoka mpaka viganja vikateleza. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nilizinduka hospitali, nina mpira wa dawa mkononi.

Fundo yuko hai. Mabomba yalimwangukia mguu. Wameukata chini ya goti. Imenichukua siku mbili kuandika sentensi hiyo.

Daktari wangu wa moyo ni mama mfupi mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba. Alinieleza kwamba mshipa mmoja unaoulisha moyo uliziba, sehemu ya nyama ya moyo ikakosa damu. Halafu akainua picha ya kifua changu kwenye mwanga wa dirisha. "Unaona huu mstari mweupe uliopinda, kama ganda la yai? Huu ni ukuta wa mshipa mkuu, ule unaotoka moyoni kupeleka damu mwili mzima. Umejenga chokaa. Nikiona chokaa hapa, huwa nashuku na mishipa midogo ya moyo haijasalimika."

Nikamwambia mimi ni dereva wa kreni, si mpaka rangi, hiyo chokaa nimeitoa wapi. Hakucheka. Aliniambia inaletwa na umri, sigara, na presha niliyokaa nayo miaka bila kuipima. Kisha akatoa ile picha ya mwaka jana, kampuni ilikuwa imempelekea. Akaziweka pamoja.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Safi kabisa. Mzee, chokaa hii haijengwi kwa miezi kumi na moja. Ni kazi ya miaka mingi."

Nikasema labda mashine ya kwenu ni dhaifu. Akaniuliza maswali mengine madogo madogo, nikamjibu, akaandika.

Wewe ndiye mjuzi. Inawezekana?

Kaka yako, mfalme wa kiti cha plastiki


30 Mei 1997

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mashine imetengenezwa, na wale wote waliorudishwa nyumbani wamerudi siku moja. Foleni imefika mpaka kwenye ngazi za nje. Narudi jioni miguu imevimba. Shemeji yako ameshindwa na paa, ameweka sufuria chini ya tundu na kutangaza kwamba vita vimeisha.

Nafurahi unakula dawa. Zile mbili ndogo usiziache hata siku moja, na ile ya kuweka chini ya ulimi tembea nayo mfukoni, si kwenye koti lililotundikwa ukutani. Ukisikia lile goti tena, kaa chini kwanza, weka dawa, kisha ita mtu. Usijaribu kumaliza ulichokuwa unafanya. Nakujua.

Kuhusu swali lako, ndiyo, inawezekana. Mashine yetu mwaka jana ilikuwa inasumbua, mwanga wake ulikuwa haupenyi vizuri, na mstari mwembamba kama huo unaweza usionekane. Tena kuna watu chokaa hujengeka kwao haraka. Daktari wako ni mzuri lakini hakuwepo siku tunapiga.

Wakikurudishia ile picha ya mwaka jana, usimwachie mtu. Nitumie huku kwa rejista, nataka kuiweka kwenye faili letu.

Mpe Fundo pole.

Binti anakusalimu. Jino moja limeanza kuchungulia.

Dada yako


14 Juni 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru kwa maelezo ya dawa, nimehamisha ile ya chini ya ulimi kutoka kwenye koti. Ulijuaje?

Wifi yako hajambo. Mtoto wa mwisho amefeli hesabu na kusema ni kwa sababu ya ugonjwa wangu. Nimemwambia alianza kufeli nikiwa mzima.

Picha hawajanirudishia. Kampuni imeishika, nitakwambia kwa nini.

Jumanne waliniita kwenye kamati. Chumba kile kile tunachopokelea sare, wamepanga meza mbili na jagi la maji. Walikuwepo mkuu wa yadi, daktari wa kampuni na karani wa kuandika. Fundo aliletwa na mkewe. Hajazoea magongo bado, alichukua muda kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na sisi sote tukawa tunatazama karatasi zetu kana kwamba zina maandishi.

Daktari wa kampuni aliweka picha yangu mezani. Akasema dereva alikuwa mzima, ushahidi huu hapa, una tarehe, hakuna aliyeweza kujua kwamba ataugua ghafla. Mkuu wa yadi akasema kanuni iko wazi: mfunga mizigo akishamaliza kufunga anarudi nyuma ya mstari wa njano. Mzigo ukinyooka kuanguka, unamwangukia aliyesimama chini yake.

Wakamuuliza Fundo ana la kusema.

"Nilikuwa nyuma ya mstari," alisema. "Nilikuwa nimeinua mkono kumpa ishara. Muulizeni dereva, alikuwa ananitazama."

Msimamizi wa zamu alikuwa ametupa mgongo, anaongea na mwenye lori. Kwa hiyo kweli nilikuwa mimi peke yangu. Wote wakanigeukia.

Nikasema sikumbuki.

Wameandika kwamba Fundo alivunja kanuni. Kazi hana, na barua yake inasema aliumia kwa uzembe wake. Alikunja ile barua mara nne akaitia mfukoni. Wakati wa kutoka alinipa mkono. Nikaushika.

Juzi mkewe alikuja hapa nyumbani. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajipanga. Kumbe alikuwa ameleta jaketi langu. Lilibaki kwenye kibanda cha kreni, watu wa yadi wakampa Fundo, naye akamtuma. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi. Akaniuliza naendeleaje, nikasema naendelea vizuri, akasema mume wake naye anaendelea vizuri. Akanywa maji akaondoka.

Sijaenda kwao. Daktari amenikataza kutembea mbali. Ni mwendo wa dakika kumi na tano.

Kaka yako


3 Julai 1997

Kaka,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za nyumbani. Wote wazima.

Nilikudanganya katika barua ya Mei, na katika ile ya Aprili. Mashine haikuwa na tatizo lolote mwaka jana. Na likizo hawakunikatalia, sikuiomba. Niliogopa kukaa mbele yako.

Aprili ya mwaka jana ulikuja na fomu ya kazi, ukavua shati, ukasimama kwenye ubao, ukavuta pumzi na kuishika nilipokwambia. Niliingia chumba cha giza, nikaisafisha ile filamu, nikaitundika kwenye mwanga. Mstari uliopinda ulikuwepo, mweupe, kama kipande cha kucha kilichokatwa. Sikuhitaji daktari wa kunisomea, nimetazama vifua vya watu miaka kumi na tatu. Wewe ulikuwa nje unafunga vifungo vya shati na kupiga mluzi. Ukaniuliza kupitia pazia, "Vipi, nimo?"

Nikasema, "Umo."

Kanuni ya kazi yenu niliijua, mwenyewe ulinionyesha fomu. Mwenye dalili za ugonjwa wa moyo au mishipa hapandi kreni. Na usiku wa kuamkia siku ile, wakati tunakula, ulisema wakikushusha watakuweka getini uandike namba za magari, na afadhali kaburi. Ulikuwa umebakiza miaka miwili ustaafu. Nikawaza, miaka miwili si mingi.

Kwenye kabati letu kulikuwa na picha yako ya zamani, ya mwaka themanini na nane, ulipokuja na kile kikohozi. Kifua safi. Niliitoa nakala, nikafunika tarehe ya zamani, nikaweka mpya. Kazi ya robo saa. Nikaiweka kwenye bahasha, nikaifunga, nikakupa mkononi. Daktari wetu hakuiona. Sahihi iliyo kwenye fomu ni yake kwa sababu husaini fomu za kazi kwa mafungu, mwisho wa siku, bila kuinua kichwa.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilifanya kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda shule wakati wa mafuriko, na kadhalika. Yote ni kweli, lakini siyo sababu. Sababu ni kwamba sikutaka kuwa mtu wa kukuletea habari ile. Niliuogopa uso wako. Ningeweza kukuficha mbele ya kampuni, hilo ni kosa, lakini ningekuita pembeni nikakwambia, kaka, una chokaa kwenye mshipa mkuu, nenda kapime presha, anza dawa, acha sigara. Pengine lile goti lisingekuja. Badala yake nilikwambia, "Punguza sigara." Maneno mawili, tena nikicheka.

Picha ya kweli ninayo. Nimeificha nyuma ya makopo ya dawa ya kusafishia filamu. Kila asubuhi nikiingia nayaona yale makopo kwanza.

Sijui niseme nini kuhusu Fundo. Barua iliyopita nilimwandikia mstari mmoja kwa sababu ndio niliouweza.

Dada yako


20 Julai 1997

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, kisha nikaichana kabla wifi yako hajarudi sokoni. Sasa nami nikwambie langu, kisha tuyafunge.

Nilijua.

Ile bahasha uliifunga, lakini nilipofika nyumbani niliifungua. Si kwa kukushuku, kwa kujisifu tu, nilitaka kumwonyesha wifi yako mbavu zangu. Nikaishika kwenye dirisha. Wewe unajua mwaka tisini na mbili niliteleza kwenye lori nikavunjika mtulinga wa kushoto, ule mfupa kati ya shingo na bega, ukaunga vibaya. Nundu yake naipapasa kila ninapovaa shati. Kwenye picha ile mtulinga ulikuwa umenyooka kama rula.

Nilikaa kitandani nayo magotini. Nikajua ni picha ya zamani. Nikajua mdogo wangu hawezi kufanya jambo kama hilo bila kuwa ameona kitu. Na nikajua kwamba kitu hicho sitaki kukijua. Wifi yako aliniita mezani, nikarudisha picha kwenye bahasha, nikapaka gundi upya. Kesho yake nikaipeleka kwa daktari wa kampuni. Aliitazama kama unavyotazama tiketi.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Niliyekuwa nikisimama kwenye kidato cha ishirini ni mimi, si wewe.

Yule daktari wa moyo naye si mjinga. Yale maswali madogo madogo niliyokuandikia, moja lilikuwa hili: "Huu mtulinga ulivunjika lini?" Maana kwenye picha mpya nundu ipo, na kwenye ya mwaka jana haipo. Nikamwambia ulivunjika Agosti iliyopita. Alinitazama juu ya miwani yake. Akasema, "Sawa, mzee," akaandika. Nilimwongopea mwanamke aliyeniokoa roho, tena nikiwa kitandani pake.

Sasa nisikilize kama kaka yako mkubwa. Ichome hiyo picha. Wewe una kazi, una mtoto, bado kijana. Mimi nimeshaondolewa kreni, sirudi tena, hakuna wa kumwokoa huku. Fundo mguu haurudi hata tukisema nini. Nitamsaidia kwa njia zangu.

Na lile neno nililosema kwenye kamati tuliache lilivyo.

Kaka yako


11 Agosti 1997

Shikamoo kaka,

Sikuichoma. Ni mara ya kwanza kukukatalia jambo, na nimechagua vibaya wakati wa kuanza.

Alhamisi niliichukua picha ya kweli, nikaenda kwa mganga mkuu wetu. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Aliuliza, "Kuna mwingine anayejua?" Nikasema wewe, basi. Akauliza, "Umeshafanya hivi kwa mwingine?" Nikasema hapana. Ni kweli, lakini nilisikia sauti yangu na mimi mwenyewe nisingeniamini. Wanapitia sasa filamu zangu zote za miaka mitatu, moja moja. Wenzangu wawili wameacha kazi zao kufanya hiyo. Wanapita mbele yangu wamebeba mafaili, wananisalimia kwa heshima ambayo hawakuwa nayo zamani, na ningeona nafuu kama wangenitukana.

Nimeondolewa kwenye mashine. Kwa sasa nakaa dirishani kuandikisha wagonjwa, mpaka baraza la nidhamu likae. Pengine cheti changu kitachukuliwa. Shemeji yako alisikia yote kutoka kwangu, akaenda nje, akapanda juu ya paa na kuanza kugonga misumari. Hakukuwa hata na wingu. Alishuka giza limeshaingia, akaniuliza, "Kaka yako anakula dawa zake?" Nikasema anakula. Hatujaongea zaidi, lakini ananiwekea chakula.

Mganga mkuu amepeleka nakala ya picha ya kweli kwenye kampuni yenu, na barua. Nyingine amempelekea daktari wako wa moyo. Kwa hiyo jiandae, watakuita.

Picha itaonyesha kwamba ulikuwa mgonjwa siku unapanda. Haitaonyesha Fundo alikuwa amesimama wapi. Hilo hakuna mashine inayolipiga.

Kaka, nakuuliza mara moja na sitarudia. Unakumbuka?


28 Septemba 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa na swali lako wiki sita, na nimechelewa kwa makusudi, nilitaka nikijibu niwe nimeshafanya.

Tuko salama. Nimepungua mpaka mkanda unazunguka mara mbili. Sigara nimeacha tangu Machi, sasa natafuna vijiti vya meno, nyumba nzima imejaa vijiti. Daktari wa moyo aliniita baada ya kupata picha yako. Aliitundika karibu na ile ya Machi, akanionyesha ukingo ule ule mweupe kwenye zote mbili. "Sasa zinaongea lugha moja," akasema. Nikamwomba radhi kuhusu mtulinga. Akasema wagonjwa humwongopea kila siku, ila wengi humwongopea kuhusu chumvi.

Kamati ilikaa tena Septemba tarehe kumi na tisa. Niliongea kwa mdomo wangu na karani akaandika. Uamuzi juu ya Fundo umefutwa, na barua mpya inasema hakuvunja kanuni. Mimi nimefukuzwa kwa udanganyifu, miezi saba kabla ya kustaafu. Daktari wa kampuni amehamishwa. Mkuu wa yadi hanisalimii. Watu wa yadi wananisalimia kutoka mbali, kama mtu mwenye upele.

Ndiyo, nakumbuka. Nimekumbuka tangu siku niliyofumbua macho hospitali.

Lakini kabla ya kamati nilikwenda kwanza kwa Fundo. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililonishinda kuanza nalo.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikapumzika njiani mara mbili. Wamehamishia kitanda chake sebuleni ili asipande ngazi ya mlango wa ndani. Magongo yameegemezwa kwenye cherehani ya mkewe. Alikuwa amekaa kitandani, suruali ya upande mmoja imekunjwa na kushikizwa kwa pini. Tulisalimiana. Hakuniambia nikae, kwa hiyo nilisema nikiwa nimesimama.

Nilimwambia habari ya picha, yako na yangu. Alisikiliza bila kunikatisha. Kisha nikamwambia, "Ulikuwa nyuma ya mstari. Mkono wako ulikuwa juu. Nilikuona vizuri. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi ukaangukia wenzo wa kuendeshea, mzigo ukatoka pembeni ukakufuata. Niliona unakuja kwako. Nilitaka kupiga kengele, mkono haukunyanyuka."

Akawa anaisugua ile pini kwa kidole gumba.

"Tangu lini unakumbuka?"

"Tangu Machi."

"Miezi sita," akasema. Hakupandisha sauti. "Unajua, mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini. Walivyosema nilisimama chini ya mzigo, mwanzoni nilibisha. Halafu nikawa nalala hapa najiuliza, pengine kweli. Pengine nilisogea. Wewe ndiye uliyekuwa unatazama, na wewe si mtu wa kunionea. Ukisema hukumbuki, basi mimi ndiye sikumbuki vizuri." Akaunyoosha upindo wa suruali. "Nikamwita mke wangu nikamwambia nilisimama vibaya. Nikamwomba radhi kwa mguu wangu."

Mdogo wangu, nimeshushiwa mabomba ya chuma nikiwa chini na nimeyanyanyua nikiwa juu, lakini sijawahi kubeba kitu kama hicho. Nilitaka kupiga magoti. Akanizuia kwa kiganja tu, kama anavyosimamisha mzigo.

"Mimi nimeshakusikia," akasema. "Yeye bado. Yuko nyuma anafua. Nenda ukamwambie wewe, kwa mdomo wako, nilisimama wapi."

Nikapita katikati ya nyumba yao, nikatokea uani. Alikuwa ameinamia beseni, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko. Aliponiona alitabasamu, akaniuliza moyo unaendeleaje, akajifuta mikono aniletee kiti.

Nikamwambia asilete kiti. Nikaanza na mstari wa njano.

Kaka yako